Jirani wa Geti Jeusi

Mtaa ninaoishi ulikuwa shamba la kahawa. Mwenye shamba alipofariki, wanawe waligawana, wakapima, wakapiga vigingi, na mibuni ikang'olewa safu baada ya safu hadi kilima chote kikabaki chekundu kama kidonda. Sisi ndio tulionunua. Walimu, makarani wa kaunti, wauguzi, wauza nguo wa mjini Meru, watu wa mishahara midogo waliochoka kulipa kodi ya nyumba. Pesa za ploti moja karibu na mji zilikupa ploti mbili huku kwetu, na mawe ya msingi juu yake. Umbali ndio uliotupunguzia bei.

Mimi sikununua kwa mkopo. Naomba hilo lieleweke mapema. Nilizaliwa Mitunguu, kwa baba aliyebeba ndizi za wengine mgongoni maisha yake yote. Nikasoma diploma ya umeme nikiuza hizo hizo ndizi sokoni Gakoromone asubuhi kabla ya kuingia darasani. Nikaenda Uarabuni, nikavuta nyaya katika majengo marefu ambayo wenyeji wenyewe waliogopa kupanda, nikarudi na pesa zangu, vifaa vyangu na akili yangu. Wapo tuliokwenda nao wakarudi na redio. Mimi nilijenga ghorofa, ya kwanza mtaani, na karibu nusu ya nyumba zinazoizunguka nimeziwekea stima kwa mkono wangu. Mafundi wananiita Injinia. Sijawahi kuwakataza.

Kitu ambacho mgeni haelewi kuhusu mtaa kama huu ni kwamba una nyumba lakini mchana hauna watu. Wenyewe huondoka kukiwa bado giza, kwa sababu kazi ziko mbali: huyu Isiolo, huyu Nkubu, yule Chuka. Hurudi giza limeshaingia tena. Huonana njiani kwa tochi, hujuana kwa kikohozi na kwa mwendo wa viatu kwenye njia ya maram. Nyumba hazina nambari, kwa hivyo watu huitwa kwa mageti. Geti la kijani ana pacha. Geti la blu anadaiwa na kila mtu. Geti la mbao ni mlokole. Jumapili, siku ambayo wangeweza kuonana uso kwa uso, nusu yao huenda kwao mashambani na nusu nyingine kila mtu huenda kanisa lake. Kuna watu wamekaa ukuta kwa ukuta miaka kadhaa na hawajawahi kutazamana juani.

Mimi huwa nipo mchana kwa sababu mimi ndiye mwajiri wangu.

Wezi waliuelewa mtaa huu kuliko sisi. Walikuja saa za asubuhi, si usiku, kwa pikapu, wamevaa ovaroli, wakapakia vitu taratibu kama watu wanaohama. Mara ya kwanza wajenzi waliokuwa jirani waliwasaidia kuinua friji. Walikuja kwangu pia nikiwa kazini Nkubu, wakachukua mashine yangu ya kutoboa zege, ambayo nilikuwa nimeibeba kwenye ndege nikiacha nguo nyuma ili uzito utoshe. Nilisema hadharani kwamba mwizi wa kwanza nitakayemkuta nitamvunja kwa mikono yangu. Nilisema na nilimaanisha.

Halafu wakaingia nyumba ambayo kulikuwa na mtu ndani. Alikuwa msichana wa kazi. Alipopiga kelele walimkata kwa panga, shavu na kiganja. Alipona, lakini mdomo wake ukabaki umevutwa upande mmoja. Kaka yake anaendesha bodaboda katika steji yetu, na baada ya siku hiyo alifunga nondo ya chuma kwenye pikipiki yake kwa mpira, akatembea nayo kila mahali, hata akibeba akina mama wanaokwenda kliniki.

Tulikutana kwangu, wachache tulioweza kukutana. Tukakubaliana: nduru ikipigwa, kila aliye mtaani atoke, na asitoke mikono mitupu. Atakayekuja mikono mitupu aulizwe kwa nini. Hakuna aliyepinga. Tungepinga vipi? Uso wa yule msichana ulikuwa bado umeshonwa.

Basi ilikuwa siku ya kazi, jua limepanda, mtaa umenyamaza isipokuwa nyundo za wajenzi. Nilikuwa juu ya ghorofa yangu nikikata mabomba ya chuma. Nikasikia nduru. Ilikuwa ya mama wa uji, mama mnene anayezunguka na ndoo kubwa yenye mfuniko akiwauzia wajenzi.

"Baite! Baite! Wenzangu! Yuko kwa ukuta! Anaingia kwa watu!"

Nilishuka na bomba mkononi. Simu niliiacha kwenye chaji, jambo ambalo nimelifikiria sana baadaye.

Nilipofika alikuwa ameshavutwa chini kwa mguu. Ukuta ule ulikuwa umepandwa vigae vya chupa juu, na kila kigae alichopita kilikuwa kimechukua chake: tumbo, mapaja, viganja. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati la kazini, viatu vilivyopigwa rangi. Fundi wa mawe, jitu la mikono mirefu, alimpiga sepetu ya mgongo, sauti ikatoka kama ya mtu anayepiga godoro. Mwingine alimpiga teke la uso. Nilimwona akitema jino, akalitazama mchangani kama mtu aliyeangusha sarafu.

"Ni kwangu!" alilia. "Naishi hapa! Hii ni nyumba yangu!"

"Kwako, unaruka ukuta?"

"Funguo iko na bibi! Nimetoka kazi mgonjwa! Jamani, mimi ni wa geti nyeusi!"

Sote tuligeuka tukatazama geti. Geti lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Rangi ilikuwa mpya, bado inanuka.

Walicheka. Nimesikia vicheko vingi duniani, vya Waarabu na vya wasimamizi Wahindi, lakini kile ndicho kicheko kibaya zaidi nilichowahi kusikia.

"Ati nyeusi! Mwizi gani hajui hata rangi?"

"Macho yamepotea. Wacha tumsaidie aone," akasema fundi wa mawe, na kumpiga ngumi ya jicho la kushoto. Akarudia hapo hapo. Kwa jicho hilo hakuona tena.

Ukweli tulikuja kuupata baadaye, nao ni rahisi. Geti lilikuwa jeusi tangu nyumba ijengwe. Mkewe alikuwa amelipakisha rangi wiki hiyo hiyo, mchana, mumewe akiwa kazini Isiolo. Yeye aliondoka gizani na kurudi gizani, na gizani damu ya mzee ni nyeusi. Alikuwa ameambiwa, lakini ulimi wake ulikuwa haujazoea. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuliona geti lake juani na rangi yake mpya, na hakupewa nafasi ya kuliangalia.

Mtu mmoja alimuuliza kwa Kimeru ametoka wapi. Akajibu kwa Kiembu.

"Ahaa! Si wa huku!"

"Kwetu ni Kianjokoma, lakini nimejenga hapa..."

"Umetoka Embu yote kuja kutuibia? Kwani muguka ya kutafuna imewaisha?"

Tena kicheko. Tena sepetu.

"Taja jirani yako," nikasema mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua mdomo. "Kama unaishi hapa, taja jirani mmoja."

Alihema. Damu ilikuwa ikimtoka puani kwa mapovu. "Wa ghorofa," akasema. "Wa stima. Injinia."

"Ni yupi hapa?"

Aliinua uso, akatutazama mmoja mmoja kwa lile jicho lililobaki. Likanipita mimi, likaenda kwa fundi wa mawe, likarudi. Hakunijua. Nami, niliyesimama hatua moja kutoka kwake, mtu aliyejisifu kujua kila geti na kila soketi ya mtaa ule, sikumjua.

"Injinia ndiye huyu amekuuliza, mjinga wewe!" mama mmoja akapiga kelele, na watu wakamwangukia upya.

Hapo ndipo yule kijana wa bodaboda alipofika. Hakuuliza kitu. Alikuwa na nondo mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili, na ndani ya chupa hakukuwa na maji. Alikuwa ameitoa petroli kwenye tangi la pikipiki yake. Watu walimpisha. Kila mmoja alijua haki yake ilikuwa kubwa kuliko yetu sote.

Sitaki mtu afikirie niliingiwa na huruma. Huruma haikuwepo pale. Kilichonisumbua ni kitu cha kifundi. Nyumba ile niliweka stima mimi. Kazi yote niliifanya na mke, mwalimu, mwanamke mpole anayekuja na chai. Mume sikuwahi kumwona. Nilikuwa nikimsikia kwa simu tu, akinipigia kutoka kazini, tukigombana. Nilifikiri: huyu ama ni yeye, ama si yeye, na mimi peke yangu nina kipimo.

Nikaingia katikati nikainua bomba. "Ngojeni! Nina swali moja. Akikosea, wa kupiga wa kwanza ni mimi, na sitapiga mara mbili."

Hilo walilipenda. Wakarudi nyuma kidogo, kama watu wanaompisha mpiga ng'ombe kichwani siku ya harusi.

Nikachuchumaa. "Mwenye nyumba hii tuligombana naye kwa simu. Aliniomba kitu nikamkatalia. Kitu gani?"

Alifumba jicho. Midomo ilikuwa imevimba hata sikujua kama maneno yangepita. Nilikuwa nimeshika bomba kwa mikono miwili.

"Soketi," akasema. "Soketi... ya bafu. Nilitaka... ya kunyolea. Ukasema nitakufa."

Nikasimama. "Ni yeye," nikawaambia. "Ni mwenye nyumba. Wacheni."

Wengine walishusha mikono. Fundi wa mawe aliitazama sepetu yake kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine. Lakini kijana wa bodaboda alikuwa tayari amefungua chupa.

"Injinia, toka."

"Si yeye aliyemkata dada yako, kijana."

"Umejua aje?"

"Kwa swali. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia habari ya bafu." Macho yake yalikuwa mekundu, makavu. "Wewe uliibiwa mashine. Mashine inanunuliwa. Mimi nilichaniwa dada. Utaninunulia uso wapi? Toka."

"Sitoki."

Akamwaga. Nusu ilimwangukia yule mtu kichwani na shingoni, akapiga yowe kwa sababu petroli iliingia kwenye mipasuko, na nusu ikanilowesha suruali. Kijana akatupa chupa, akatoa kiberiti mfukoni. Nilimwona akikifungua kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayewasha jiko la nyumbani kwake.

Nilimpiga bomba kwenye kifundo cha mkono. Ule mlio naujua: ni mlio wa bomba la plastiki likikanyagwa. Mkono ukaning'inia pale usipopaswa kuning'inia. Njiti zikatapakaa. Hakulia. Aliinama, akaokota nondo kwa mkono wa pili, akanirudi.

Na watu wakanigeuka. Watu ambao nimewaajiri, watu ambao nimekunywa uji nao.

"Ni mwenzake! Injinia ni mwenzake!"

"Ndio maana hajawahi kushikwa mtu! Anawaambia wenye nyumba wako wapi!"

Sepetu ilinipata mgongoni, pumzi ikanitoka yote. Mtu wa geti lililo chini ya langu, aliyekuwa nyumbani likizo, alinipiga panga la bega, na nilisikia baridi kwanza kabla ya kusikia moto. Nilimpiga fundi wa mawe bomba la magoti akaanguka. Nilimpiga mwingine kwa kiwiko nikahisi pua yake ikilainika. Nilimng'ata mtu mkono. Sijui alikuwa nani, lakini ladha yake ya saruji ninaikumbuka. Nilisimama na miguu yangu upande huu na huu wa yule mtu kama ng'ombe anayelinda ndama, na sitasema uongo, nilijiona mkubwa. Nilifikiri: nitafia hapa, lakini watatu watatangulia.

Kilichotuokoa ni uji. Mama aliyepiga nduru alikuwa amesimama kando muda wote, mkono mdomoni. Sasa akafunua ndoo yake, ndoo nzima iliyotoka motoni asubuhi, akaishika kwa kanga, akaja nayo mbio hadi katikati yetu, akaimwaga juu ya wale waliokuwa wamenishika. Uji wa wimbi unashika ngozi na hauachi. Wanaume walilia kama watoto. Mmoja alikimbilia tangi la maji, mwingine alijigaragaza kwenye kokoto. Mimi mwenyewe nilipata wa kisigino, alama iko hadi leo.

"Mimi ndio nilipiga nduru!" alipiga kelele, ndoo tupu mkononi. "Si nyinyi! Mimi! Na mimi nasema imetosha! Nani ana simu ya huyu mwalimu? Nani?"

Simu ya yule mtu ilikuwa imeshaingia mfuko wa mwingine. Nikamwambia yangu iko juu, kwenye chaji. Akamwagiza mmoja wa wanawake akaichukue, na mpaka iletwe alisimama na ile ndoo kama rungu, akimtazama kila mtu usoni. Kijana wa bodaboda alikuwa ameketi chini, ameukumbatia mkono wake uliovunjika.

Nilipiga. Mwalimu alishika, nyuma yake kelele za watoto. Niliweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mwalimu, mume wako yuko wapi?"

"Amenipigia kwamba ametoka kazini anaumwa, nimwachie mtu funguo. Nilikuwa natafuta mtu wa kuileta." Labda alisikia kuhema kwetu. "Injinia? Mmemfanya nini?"

Mmoja mmoja walianza kuondoka, si kwa kukimbia, kwa kutembea, wakiegemeza vyombo vyao ukutani mwa watu kana kwamba vilikuwa vya hapo. Mimi na mama wa uji tulimbeba. Alikuwa mzito, ananuka petroli, na njia nzima mpaka tupate gari alinishika shati akiniambia maneno yale yale: geti nyeusi, geti nyeusi.

Aliishi. Madaktari walilitoa lile jicho, wakashona lililoshoneka. Mimi nilishonwa bega, nikarudi kazini kabla ya nyuzi kutolewa, kwa sababu mwili wangu si wa mchezo. Polisi walikuja wakauliza nani alimpiga. Mtaa mzima ulikuwa kazini siku hiyo. Waulize wenyewe: wote walikuwa Isiolo, Chuka, Nkubu.

Nilidhani watahama. Ningehama mimi. Watu walisema watauza, wengine wakaanza kuulizia bei. Lakini Jumamosi moja baada ya kutoka hospitali, mchana mweupe, nilimwona kutoka juu ya ghorofa akitembea na mkewe. Alianzia geti la kwanza kule juu. Alibisha, watu wakatoka, akasimama mbele yao. Hakukaa. Akaenda geti la pili. Alifanya hivyo mstari wote. Kwenye vyumba vya kukodi pale pembeni, anapoishi kijana wa bodaboda na dada yake, alisimama muda mrefu zaidi. Kijana alitoka na plasta mkononi, ameinamisha kichwa. Dada yake alitoka nyuma yake. Yule mtu na yule msichana walitazamana, uso mmoja ulioshonwa na mwingine, na msichana ndiye aliyempa mkono.

Kisha wakafika kwangu. Nilifungua mwenyewe.

"Nazunguka ili watu wanione," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika kwa kukosa meno, lakini sasa niliijua, ilikuwa ya simu. "Nimekaa hapa miaka na hakuna mtu alinijua. Wakati ujao sitaki kuulizwa."

Nikamkaribisha chai. Akakataa.

"Ile chuma ulikuja nayo," akasema. "Ulikuwa umemletea nani?"

"Wewe," nikamwambia.

Mkewe alishtuka akamshika mkono. Yeye hakushtuka.

"Na ungepiga?"

"Ungekosea lile swali, ndiyo. Kichwani."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu aliyoitarajia. Ningeweza kumwambia mengine. Ningeweza kumwonyesha bega. Lakini mimi si mtu wa kujificha nyuma ya kovu, na yeye hakuwa amekuja kushukuru.

"Sawa," akasema. "Sasa niangalie."

Nikamwangalia. Jua lilikuwa limempiga sawasawa. Shimo la jicho lilikuwa bado limefunikwa na pamba, taya limepinda, ngozi ya paji la uso imepauka pale petroli ilipoiunguza. Juu ya sikio la kulia alikuwa na mvi ambazo hazikuwa zimeguswa na mtu. Nilimwangalia kama ninavyoangalia kazi kabla ya kuwasha swichi kuu, mpaka nikawa na uhakika kwamba ningemjua hata akiwa ameanguka kifudifudi.

"Umeniona?"

"Nimekuona, jirani."

Akageuka na mkewe wakashuka hadi geti lililo chini ya langu, la yule mtu wa panga. Gari lake lilikuwa ndani. Pazia lilitikisika, geti halikufunguliwa. Yule mtu alibisha kwa ngumi, kisha akainama, akapapasa chini akaokota jiwe, akaanza kubisha nalo. Mbwa wa mtaa wote walianza kubweka. Watu walitoka kwenye mageti yao wakasimama barabarani kutazama, wengi wao mikono mitupu, na yeye aliendelea kugonga lile jiwe kwenye chuma mpaka komeo likasikika likivutwa.